Bima ya Afya Ianze na Asiye na Kipato: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Bunge

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Afya na Masuala ya UKIMWI,
Dodoma.

YAH: UANDIKISHAJI WA KAYA ZISIZO NA UWEZO KATIKA BIMA YA AFYA KWA WOTE

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima ya afya. Wakati inapitishwa, takriban asilimia 15 tu ya wananchi walikuwa na bima ya aina yoyote. Zaidi ya nusu ya hao walikuwa chini ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), na wengi wa waliobaki walikuwa na kadi za Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF). Walio nje ya mifuko yote miwili ndio wengi wa nchi hii: mkulima wa jembe la mkono, mvuvi wa dagaa, mama lishe, kibarua wa ujenzi, mfanyakazi wa ndani, dereva wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya mtu. Kati yao wamo wanaoweza kuchangia kidogo wakipata wakati unaofaa, na wamo wasioweza kabisa. Kwa hawa wa mwisho kuna njia moja tu iliyokwisha kuonekana ikifanya kazi: mchango wao ulipwe kwa fedha za umma kabla hawajaugua, na majina yao yawe yameshaingia kwenye daftari kabla hawajafika dirisha la mapokezi.

Njia nyingine zimejaribiwa kwa miaka thelathini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, matibabu katika vituo vya umma yalitolewa bila malipo, na mwaka 1977 hospitali za kibinafsi za biashara zikapigwa marufuku. Uchumi ulipodorora, vituo viliishiwa dawa na vifaa. Biashara ya matibabu ikaruhusiwa tena mwaka 1991, na kuanzia mwaka 1993 wananchi wakaanza kulipia huduma katika hospitali za umma kwa awamu, kuanzia hospitali za rufaa hadi za wilaya. Ili maskini asiachwe, sera iliweka misamaha. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, mgonjwa wa kifua kikuu na wa magonjwa mengine sugu yaliyotajwa, na baadaye mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, wote hao watibiwe bure. Asiyejiweza ambaye hayumo katika makundi hayo alipaswa kupata barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha aonane na afisa ustawi wa jamii.

Utaratibu huo una kasoro katika msingi wake. Unamtaka mtu athibitishe umaskini wake siku ile ile anayoumwa, mbele ya kituo ambacho kitapoteza mapato kikimkubalia. Hakuna fungu la fedha linalokifidia kituo kwa mgonjwa aliyesamehewa. Mganga mfawidhi anayetoa misamaha mingi anajikuta hana fedha za kununulia glavu na sindano, kwa hiyo msamaha ulioandikwa kwenye sera unageuka kuwa mzigo wa muuguzi wa zamu. Ndiyo maana mjamzito anayestahili kujifungua bure huambiwa aje na vifaa vyake, na mzee mwenye kitambulisho cha matibabu bure huandikiwa cheti cha dawa akanunue nje. Watumishi wa afya hawastahili lawama kwa hilo. Ahadi ilitolewa bila fedha ya kuitimiza.

CHF ilianzishwa kuziba pengo hilo. Majaribio yalifanyika wilayani Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996, na sheria yake ikatungwa mwaka 2001. Kaya ililipa mchango mmoja kwa mwaka, katika wilaya nyingi kati ya shilingi 5,000 na 10,000, na Serikali ikaongeza kiasi kile kile kwa utaratibu uliojulikana kama tele kwa tele. Sheria hiyo iliona mbali kwa jambo moja: iliruhusu kaya maskini zisamehewe mchango na bado zipewe kadi, huku halmashauri zikitafuta fedha za kufidia. Kifungu hicho ndicho kilichotekelezwa kidogo kuliko vyote. Halmashauri zilizokuwa zikihangaika kupata fedha za madawati na barabara hazikuona zitoe wapi michango ya kaya maskini, na hakuna aliyeziuliza.

Mfuko wenyewe nao ulikuwa na udhaifu wake. Kila wilaya ilikuwa na mfuko wake mdogo, na kadi ilitumika katika kituo kimoja au ndani ya wilaya tu. Mwanachama aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa alilipia kama wengine. CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018, ilirekebisha mengi ya hayo: mchango ukawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita katika mikoa mingi, huduma zikafika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, na uandikishaji ukafanyika kijijini kwa simu ya mkononi. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Hata hivyo bima ilibaki ya hiari, na bima ya hiari kwa watu wenye kipato kidogo ina tabia yake.

Anayeumwa hujiunga, na mzima husubiri. Si kwa ubaya. Mwenye shilingi 30,000 na watoto wanaohitaji daftari na sare hawezi kulaumiwa akiiweka fedha pale inapohitajika leo. Lakini mfuko unaojaa wagonjwa pekee haukai. Toto Afya Kadi ya NHIF, iliyoanza mwaka 2016 kwa mchango wa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilionyesha hivyo wazi: wazazi wengi waliwaandikisha watoto ambao tayari walikuwa na maradhi, matumizi yakaizidi michango mara kadhaa, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa na kuhamishiwa shuleni. Waliobaki nje wakati huo walikuwa watoto wasiosoma, na wengi wao walikuwa wa kaya maskini. Sheria ya mwaka 2023 iliandikwa ili kuondokana na mzunguko huu kwa kufanya bima kuwa ya lazima. Ulazima, hata hivyo, unamhusu mwenye uwezo wa kutii. Kumlazimisha asiye na kitu hakuleti mchango wowote.

Ukubwa wa kundi hilo unajulikana vya kutosha kupanga bajeti. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8 chini ya mstari wa umaskini wa chakula. Mstari wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima, na fedha hiyo ilitakiwa itoshe chakula, nguo, nyumba, usafiri na kila kitu kingine. Muswada ulipofikishwa bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 2022, mchango uliotajwa kwa sekta isiyo rasmi ulikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na shilingi 84,000 kwa mtu mmoja. Kwa aliye kwenye mstari huo, 340,000 ni matumizi yake yote ya karibu miezi saba. Mjadala uliozuka wakati ule, na uliofanya muswada urudishwe kwanza, ulikuwa wa haki, na Bunge lilistahili pongezi kwa kuuliza fedha za wasio na uwezo zitatoka wapi kabla ya kupiga kura.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 59,851,347 Tanzania Bara, kwa wastani wa watu 4.3 katika kaya. Ikichukuliwa asilimia 26.4 ya idadi hiyo, wanapatikana watu karibu milioni 15.8, sawa na kaya milioni 3.7 hivi. Kaya maskini kwa kawaida ni kubwa kuliko wastani, kwa hiyo idadi halisi ya kaya huenda ni ndogo kidogo. Kila shilingi 100,000 ya mchango wa kaya kwa mwaka ingegharimu basi takriban shilingi bilioni 370. Kwa asilimia 8 walio na umaskini wa chakula pekee, hesabu ni takriban shilingi bilioni 110. Ni fedha nyingi, lakini zinaweza kuandikwa kwenye kitabu cha bajeti, zikatafutiwa chanzo na kupangiwa miaka ya kuzifikia.

Chanzo kimeshatajwa. Sheria imeanzisha mfuko maalumu wa kugharamia wasio na uwezo, na miongoni mwa vyanzo vyake ni ushuru wa vinywaji baridi vyenye gesi, wa pombe na wa vipodozi, pamoja na kodi ya michezo ya kubahatisha. Uchaguzi huo una mantiki, kwa kuwa soda na pombe huchangia kisukari, shinikizo la damu na ajali, ambavyo mfuko huo huo utavilipia. Ghana ilifanya jambo linalofanana na hilo. Sheria yake ya bima ya mwaka 2003 iliweka tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, na sehemu kubwa ya mapato ya mfuko ikawa inatoka huko badala ya mifuko ya wanachama. Funzo la Ghana lina upande wa pili pia: fedha za tozo zilipochelewa kutoka hazina, hospitali zilikaa miezi bila kulipwa, na wagonjwa wenye kadi wakaanza kudaiwa fedha taslimu. Tanzania inao mfano wa nyumbani wa kujikinga na hali hiyo. Mfuko wa Barabara uliwekewa tozo yake ya mafuta kisheria mwaka 1998, ili fedha za matengenezo zisigombee nafasi katika bajeti kila mwaka. Kamati ikihakikisha kwamba asilimia ya kila ushuru uliotajwa inaandikwa kwa tarakimu katika sheria, na inaingia kwenye mfuko kila mwezi, itakuwa imefanya nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni kumjua asiye na uwezo, na hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Orodha iliyo karibu ni ile ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambao mpango wake wa kunusuru kaya maskini umezifikia kaya zaidi ya milioni moja. Kaya hizo zilipatikana kwa hatua mbili: mkutano wa kijiji ulitaja walio maskini zaidi, kisha dodoso likapima hali ya nyumba, mali na utegemezi. Kuanza na orodha hiyo ni busara. Kila kaya iliyomo ingepaswa kupewa bima bila kuomba, bila barua na bila foleni ya pili. Hilo linaweza kufanyika mara moja, maana majina yapo, vijiji vyao vinajulikana na baadhi yao wamekuwa wakipokea ruzuku kwa njia za kielektroniki.

Lakini orodha ya TASAF haitoshi, kwa kuwa kaya milioni moja na zaidi ni pungufu sana ya milioni 3.7, na kwa kuwa umaskini hausubiri mzunguko wa uhakiki. Baba akianguka kwenye mnazi, kaya iliyokuwa ikijitegemea mwezi uliopita inakuwa haina kitu. Mjane aliyerudi kwa wazazi wake hayumo kwenye daftari la kijiji alichotoka wala alichofikia. Mijini hali ni ngumu zaidi. Katika mitaa ya Tandale au Mabatini mpangaji huhama chumba mara kwa mara, majirani hawajui kipato chake, na mkutano wa mtaa hauhudhuriwi kama mkutano wa kijiji. Dodoso linalouliza kuhusu bati na saruji litamhesabu mpangaji wa chumba kimoja Dar es Salaam kuwa mwenye nafuu kuliko mkulima mwenye nyumba ya tope na ng'ombe wanne, wakati ukweli unaweza kuwa kinyume chake.

Kenya inalipia kosa hilo sasa. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF ya huko Oktoba 2024, mwananchi wa sekta isiyo rasmi hupimwa uwezo wake kwa maswali ya kaya, kisha hesabu ya kompyuta humpangia mchango wa mwaka usiopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Malalamiko makubwa yamekuwa kwamba kaya maskini hupangiwa zaidi ya uwezo wao, na kwamba mchango hutakiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Rwanda ilipita njia nyingine: wanavijiji wenyewe walizipanga kaya katika makundi ya ubudehe, na kuanzia mwaka 2011 mchango ukafuata kundi, faranga 2,000, 3,000 na 7,000 kwa mtu, huku kundi la chini kabisa likilipiwa na Serikali na wafadhili. Makundi hayo nayo yalilalamikiwa na kupangwa upya. Hata hivyo zaidi ya asilimia 80 ya Wanyarwanda wana bima, na mwanakijiji aliyekosewa alijua aende wapi kulalamika na uamuzi ulifanywa karibu naye.

Kinachofaa kwa Tanzania Bara ni dodoso kuwa mwanzo tu, na mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa kuwa na mamlaka ya kuongeza jina wakati wowote wa mwaka, kukiwa na dirisha la rufaa kwenye kata na muda wa kujibiwa uliowekwa kikanuni. Mtu akikutwa hospitalini hana bima na hana kitu, atibiwe kwanza, kisha afisa ustawi wa jamii amwandikishe hapo hapo, na mfuko ukilipe kituo kuanzia siku ile. Makosa ya kumwingiza mwenye nafuu kidogo yatatokea. Ni nafuu kuyavumilia kuliko kosa la kumwacha nje maskini, kwa kuwa kosa hili la pili hugharimu shamba lililouzwa, mtoto aliyeacha shule, au maisha.

Juu kidogo ya kundi hilo wako wenye kipato kisicho na tarehe. Mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hupata fedha minada inapoanza Oktoba. Wa pamba Simiyu na Shinyanga husubiri msimu wa ununuzi unaofunguliwa Mei. Mvuvi wa dagaa Ziwa Victoria huingiza kipato usiku wa giza na kukaa ufukweni wakati wa mbalamwezi. Dereva wa bodaboda hupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kwanza, na kinachobaki ndicho chake. Mkupuo wa mwaka ukiwaangukia Januari, pamoja na ada na michango ya shule, hawataulipa hata wakitaka. Vyama vya msingi vya ushirika vinaweza kuwaandikisha wakulima siku ya malipo ya mazao, mradi makato yawe kwa ridhaa ya kila mkulima iliyotiwa saini, maana makato mengi kwenye korosho na pamba yamekwisha kuleta uchungu wa miaka mingi. Vikoba navyo vina mfuko wa jamii unaowasaidia wanachama wakipata msiba au ugonjwa. Mfuko huo unaweza kulipa mchango wa mwaka kwa niaba ya mwanachama naye akaurejesha kidogo kidogo. Kwa bodaboda na mama lishe, malipo ya wiki kwa simu yanatosha, yakiwa hayatozwi ada ya muamala. Na kundi hili lote linahitaji ruzuku ya sehemu ya mchango, ili anayepata nafuu kidogo asiruke kutoka kulipiwa kila kitu hadi kulipa kila kitu.

Baada ya kadi inakuja dawa. Mikoani, mojawapo ya sababu zinazotajwa sana na walioacha kulipia CHF ni kutumwa duka la dawa muhimu huku kadi ikiwa mkononi. Mwenye kipato kidogo anapima bima kwa hilo moja, na yuko sahihi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati na vituo vya afya hupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, hivyo njia ya kuvilipa ipo; kinachokosekana ni malipo ya bima kufika kwa wakati na Bohari ya Dawa kutimiza maagizo. Zahanati ikikosa dawa iliyoidhinishwa, mwenye bima apewe haki ya kuichukua katika duka la dawa lililosajiliwa karibu na hapo, na bima ilipe. Kitita cha huduma muhimu kinaweza kuwa kifupi kwa kuanzia, mradi kila kilichomo kipatikane zahanati ya Kaliua kama kinavyopatikana hospitali ya jijini.

Kinachoombwa kwa Kamati kiko ndani ya mamlaka yake. Katika kila mkutano wa bajeti, Wizara ya Afya na TAMISEMI ziwekewe sharti la kuwasilisha, kwa kila halmashauri, idadi ya kaya zilizolipiwa na mfuko, kiasi cha ushuru kilichokusanywa na kilichoingia kwenye mfuko, siku ambazo vituo vilisubiri kulipwa, na sehemu ya dawa zilizoandikwa kwa wenye bima ambazo zilitolewa kituoni. Taarifa hiyo ibandikwe pia kwenye mbao za matangazo za kata, pamoja na majina ya vijiji ambavyo mkutano wa kuhakiki orodha haukufanyika, idadi ya walioondolewa na sababu ya kila mmoja kuondolewa.